Krimu ya Hemedi

Mikono miwili iliingia kwenye friji moja la duka, pale sokoni Mtwara, na pakiti ya siagi ilikuwa imebaki moja.

"Kaka, achia. Nimeanza mimi."

"Umeanza wapi, dada, na vidole vyangu ndivyo vilivyoganda?"

Mwanahawa, mpika keki wa Mtawanya, aliyevaa kitenge cha manjano kilichomwagikiwa unga, alishindwa kujizuia kucheka. Yule kaka, Hemedi, akamwachia siagi, akaondoka na namba yake ya simu.

Leo sasa Bi Rukia, mama yake Hemedi, anatoka Naliendele kuja kumwona msichana ambaye mwanawe anataka kumwoa, na Mwanahawa anataka kumwandalia keki. Margarini humpa mama huyo kiungulia. Samli itafanya keki iwe nzito, yenye mafuta. Ilitakiwa siagi, na Hemedi aliyeapa kuileta kaacha krimu ya maziwa mlangoni, akakimbilia stendi kumpokea mama.

Basi itabidi samli, na krimu ya kuifichia juu. Akamimina krimu kwenye mashine ya kuchapia, akaiwasha, akapiga simu.

"Hemedi, siagi iko wapi?"

"Imeisha mjini, mpenzi. Kwani yote si ya ng'ombe?"

"Mama yako akinikataa, utamwambia hivyo hivyo?"

"Hawa wangu, jamani..."

"Hunitaki, sema tu! Ungenitaka ungezunguka."

"Nimezunguka! Mpaka Shangani, kwa miguu!"

Akamkatia simu. Aliumia kweli. Alipogeuka, mashine ilikuwa bado inachapa, na krimu imekuwa madonge ya njano ndani ya majimaji meupe. Hata hiyo imeharibika! Akakaa sakafuni akalia. Kisha akaonja kwa kidole.

Siagi.

Akayakamua madonge, akayasuuza kwa maji baridi, akachapa na sukari, akaoka keki.

Walipofika, Hemedi alimnong'oneza mlangoni, "Nisamehe." Mwanahawa akampita na sahani ya keki. Bi Rukia alikula polepole mno, na kanzu ya Hemedi ililowa jasho mgongoni.

"Siagi hii mmenunua wapi?"

"Hatukununua, mama," Mwanahawa alisema. "Hemedi alileta krimu. Tukagombana kwenye simu, nikasahau kuzima mashine, krimu ikageuka siagi."

Hemedi aliinamisha kichwa. Bi Rukia akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akasogeza sahani.

"Nikatie kingine. Na wewe Hemedi, mwambie baba yako atafute mshenga kabla hamjapatana; mkipatana, siagi kama hii nitaipata wapi?"