Pua ya Mwenyekiti

Kila Jumanne baada ya vipindi, sisi wanachama wa Klabu ya Nyuki katika sekondari yetu ya Nsemulwa hubeba ndoo za maji hadi kwenye mizinga kumi iliyo nyuma ya viwanja. Wengine hufyeka majani, wengine humwaga majivu kuzunguka nguzo ili siafu wasipande. Si kazi ya lelemama, lakini asali yetu ni tamu na hatuoni haya kujisifu.

Mwenyekiti wetu ni Nyanzala wa kidato cha pili, msichana mrefu kutoka Kasansa, mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe mia. Klabu ina kanuni moja isiyo na mjadala: siku ya kurina asali, kila mtu aoge kwa sabuni ya mche tu, asipake chochote kinachonukia, maana harufu kali huwakasirisha nyuki. Mwenyekiti hupita kwenye mstari akimnusa kila mmoja shingoni. Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumnusa.

Jumamosi moja asubuhi tulijipanga. Siku hiyo tungepigwa picha ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nyanzala alipofika kwa Shadrack, akakunja uso.

"Wewe Shadrack, mafuta gani hayo kichwani? Nenda kaoge!"

"Nilipaka jana, mwenyekiti!"

"Jana au juzi, nyuki hawana kalenda. Nenda!"

Tulicheka, Shadrack akaenda kuoga, akarudi. Stanslaus akawasha bomba la moshi wa kuwatuliza nyuki. Babu yake ni mrina asali wa Litapunga, na Stanslaus hulipenda bomba lile kuliko daftari lolote. Mzinga wa kwanza ulikwenda vizuri. Tulipofungua wa pili, nyuki walitoka kwa hasira wakamwendea Nyanzala. Lucia, aliyesimama karibu naye na ndoo, ndiye aliyeumia zaidi. Nyuki walipenya chini ya wavu wake wa kukinga uso, wakamuuma shingoni na juu ya jicho. Mwalimu Osward, mlezi wa klabu, akaufunika mzinga, sisi tukatimua mbio.

Jumatatu tulifanya kikao.

"Moshi ulikuwa hafifu," alisema Shadrack. "Stanslaus anyang'anywe bomba."

"Hafifu wapi?" Stanslaus alijibu. "Nyie mlikimbia tu, moshi mliuona saa ngapi?"

"Wanaotaka Stanslaus aondolewe, wanyooshe mikono," alisema Nyanzala.

Mikono ikaanza kupanda. Stanslaus aliliweka bomba mezani, limesuguliwa hadi linang'aa, akainama.

Nyanzala alitueleza baadaye kwamba hapo ndipo aibu ilipomkaba. Asubuhi ile ya Jumamosi alikuwa amejipaka shingoni mafuta ya waridi aliyoletewa na dada yake Dina, kidogo tu, kwa ajili ya picha. Alijua kosa ni lake tangu nyuki wa kwanza alipomrukia. Kwa siku mbili alijidanganya kwamba labda kweli moshi haukutosha.

"Shusheni mikono," alisema. "Moshi ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyepaka mafuta."

"Kumbe ni wewe!" Lucia alishangaa, jicho lake bado limevimba. "Na Shadrack ukamrudisha akaoge!"

"Ni mimi. Nisamehe, Lucia. Stanslaus, nisamehe na wewe. Niliogopa kuvuliwa uenyekiti, nikakuachia kosa langu."

Stanslaus alilichukua bomba lake, akalikumbatia. Mwalimu Osward akasimama.

"Nyanzala, kwa kupaka mafuta, nyuki walikukemea palepale. Kwa kunyamaza, hakuna ambaye angekukemea, na mwenzako angeadhibiwa bure. Umesema kweli huku ukijua utapoteza nini, kwa hiyo uenyekiti utabaki nao. Lakini mwezi mzima utabeba maji ya nyuki peke yako, na kazi ya kunusa atafanya Stanslaus."

Jumamosi iliyofuata, tuliporudi kumalizia kurina, Nyanzala alisimama wa kwanza kwenye mstari. Stanslaus alimnusa shingo, akamnusa mikono, akachukua muda wake wote.

"Sabuni ya mche!" akatangaza. "Mwenyekiti apite!"

Tulipiga makofi. Kisha tukamwona Mwalimu Osward amejipanga nyuma kabisa, kola ameifungua.

"Nami ninuse, Stanslaus," alisema. "Kanuni ni yetu sote."