Mama Aliyekula Kimya

Mama yake Araba alikula fufu mbele ya Selorm na hakumwalika. Hapa Takoradi huwezi kumtukana mtu zaidi ya hapo. Hata mdeni wako akikukuta unakula, unainua uso unamwambia “invited,” naye anashukuru, anaenda zake. Bibi asiyejua Kiingereza kingine chochote, hilo analo.

Neno hilo ndilo lililowakutanisha Araba na Selorm. Araba alikuwa kwenye kibanda chake cha vifungo sokoni, gauni la njano, anakula kenkey, donge la mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga. Kijana mrefu, shati jeupe lenye pasi kali, akaja kuulizia zipu. “Invited,” Araba akasema, kwa mazoea tu. Yule akanawa, akavuta kigoda, akamega.

“Wewe kaka, wenzako husema asante wakaondoka.”

“Sijaalikwa siku nyingi. Nimeona nikae kabla hujajuta.”

Araba akacheka mpaka akapaliwa na pilipili.

Walishakuwa wapenzi wakati soko lilipomletea habari: Selorm huosha maiti hospitalini. Wiki nzima hakupokea simu zake. Alipopokea, alikuwa anawaka.

“Umekula na mimi muda wote huo ukanificha.”

“Ningekwambia, ungenialika?”

 Kudanganya, Araba hakutaka.

“Sijui,” akasema. “Njoo nyumbani Jumapili, tujue wote.”

Ndiyo Jumapili hiyo. Mama anameza tonge baada ya tonge, Selorm anatazama viatu vyake vilivyong’arishwa.

“Mama, kuna mgeni.”

“Namwona. Na mikono yake najua inashika nini.”

“Siku yako ikifika nani atakuosha, mama? Mimi?” Araba akauliza.

Mama akamega tonge jingine. Araba akasukuma bakuli lake mpaka katikati ya meza.

“Selorm, invited.”

Akanawa taratibu, kucha kwa kucha, mama akimwona. Akamega.

“Utanioa?” Araba akamuuliza palepale.

“Ngoja nimeze kwanza, mpenzi.”

Walioana Novemba, mvua ikinyesha. Araba alipoteza kibanda, maana kilikuwa cha mama. Alipoteza dada zake wawili, hawakuja harusini. Alipotandaza vifungo chini sokoni, alipoteza wateja wasiotaka vifungo kutoka mkono wake. Na mama: wakikutana sokoni, mama akiwa anakula mkate, anamtazama binti yake usoni, anaendelea kutafuna.