Ambulensi Ilipofika Mlangoni kwa Nzula

Nzula alikuwa fundi wa nguo huko Kabiria, Nairobi. Kila asubuhi alitoa cherehani yake nje, akashona sare za shule huku akisalimiana na wapita njia. Mumewe, Muli, alikuwa seremala. Mwaka huo wa 2006, walikuwa wanangoja mtoto wao wa kwanza.

Siku moja jirani yao, Mama Maina, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mume wake, Kihara, alipigia ambulensi simu.

"Mko wapi?" aliulizwa.

"Kabiria. Ukifika kwa kibanda cha mkaa, kata kushoto. Halafu uliza kwa Mama Maina."

Lakini kibanda cha mkaa kilikuwa kimehama. Dereva alizunguka mpaka mtaa wa Riruta, akarudi, akapotea tena. Mwishowe majirani walimbeba Mama Maina kwa mkokoteni hadi barabarani. Alipoteza damu nyingi. Yeye alipona. Mtoto wake hakuishi.

Siku hiyo Nzula hakushona tena. "Muli, na mimi wakati wangu ukifika?" aliuliza.

Katika ploti yao ya vyumba vya kupanga aliishi Namalwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora ramani katika ofisi moja mjini. Alikuja kuwaona.

"Dereva hana makosa," alisema. "Sisi tunamwelekeza kwa vitu vinavyohama. Tuchore ramani ya mtaa wetu."

"Dada Namalwa, ramani si ni ya nchi?" Muli aliuliza.

"Ramani ni picha ya mahali, kama vile ndege anavyopaona akiwa juu. Hata hii ploti yetu inaweza kuwa na ramani."

Mama Maina alipopata nguvu, Jumamosi moja walitoka pamoja naye. Yeye ndiye aliyeijua kila njia.

"Simameni, jua la asubuhi liwe mkono wa kulia," Namalwa alisema. "Mbele yenu ni kaskazini. Kaskazini tutaiweka upande wa juu wa karatasi."

Walihesabu hatua zao kutoka kona hadi kona. Kila hatua mia moja zikawa upana wa kidole gumba kwenye karatasi. "Hiki ndicho kipimo cha ramani," Namalwa alieleza. Msalaba ulikuwa alama ya kanisa. Duara lilikuwa tangi la maji. Muli alichora karakana yake, ikawa kubwa kuliko kanisa.

"Muli, usichore vile unavyoipenda," Namalwa alicheka. "Chora vile ilivyo!"

Kisha alitoa kifaa kidogo kama simu. "Hii ni GPS. Inapokea mawimbi ya setilaiti, inatuambia tuko wapi duniani."

"Inatuambia aje?" Nzula aliuliza.

"Wataalamu wameigawa dunia kwa mistari, ingawa chini hatuioni. Latitudo inaonyesha tuko mbali kiasi gani na Ikweta, kaskazini au kusini. Longitudo inaonyesha tuko mbali kiasi gani na mstari unaopita Greenwich, kule Uingereza, mashariki au magharibi. Mahali mistari hiyo miwili inapokutana hapafanani na pengine popote. Tunahesabu kwa digrii. Digrii ina dakika sitini, na dakika ina sekunde sitini. Lakini hizi si za saa, ni vipande vya digrii."

Walipofika mlangoni kwake, Nzula aliziandika nambari za GPS kwa wino mwekundu, akabandika karatasi ukutani.

Uchungu ulimshika alasiri moja, mvua ikinyesha. Muli alipiga simu huku akiitazama karatasi ukutani.

"Digrii thelathini na sita kusini," alisoma, "na digrii moja mashariki..."

"Bwana, hapo ni katikati ya bahari!" sauti ilisema.

"Umegeuza! Lete simu!" Nzula alisema, ameshikilia kitanda. Akasoma polepole. "Kusini digrii moja, dakika kumi na saba, sekunde kumi. Mashariki digrii thelathini na sita, dakika arobaini na nne, sekunde tano."

"Sasa nimekuona kwa ramani, mama. Mko Kabiria. Tunakuja."

King'ora kilisikika mbali, kikakaribia, kikanyamaza langoni. Hakuna aliyekuwa amekimbia barabarani kumwelekeza dereva. Muli alipiga kelele kama mtu aliyeshinda mbio.

Nzula alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike. Walimwita Mwende. Mama Maina alikuwa wa kwanza kumbeba. Alilia, kisha akacheka, kisha akasema, "Hii ramani isikae kwa nyumba moja."

Waliichora kwa rangi kwenye ukuta wa kanisa, kila ploti na nambari zake. Ambulensi zilizokuja baadaye hazikupotea. Habari zikafika mtaa wa Kangemi, na wanawake wa huko wakaja kuomba wafundishwe. Nzula alimfunga Mwende mgongoni, akamshika Mama Maina mkono, wakaenda kuwaonyesha namna ya kupima njia zao.