Hodi ya Nkwimba

Hamu ya unga wa kulevya ilipoanza kupanda katika damu ya Malimi, Nkwimba alijua kabla ya Malimi mwenyewe. Kinasahamu, punje ya madini iliyopandikizwa nyuma ya sikio la kila mraibu aliyeacha, kilionja damu usiku na mchana. Kikiona dalili, kilitetemesha bangili mkononi mwa ofisa wake wa ustawi wa jamii. Nkwimba alirukia kiti-anga chake, akapaa juu ya majabali ya Mwanza, na Malimi hajamaliza kufunga kamba za viatu aende kwa wauzaji, anasikia hodi mlangoni.

Hapo walikaa. Nkwimba alimshika mikono na kumzungumzisha mpaka jasho likakauka na hamu ikapita. Tangu mtambo ule uanze kazi hakuwa amemzika mgonjwa wake hata mmoja, na jiji zima lilitamba nao.

Zamani haikuwa hivyo. Nkwimba aliianza kazi enzi za kuzunguka kwa miguu, ofisa anafika hata bila sababu, anakuta watu wanasonga ugali naye ananawa. Harusini yumo, msibani yumo. Na alizika sana. Kinasahamu kilipokuja, idara ikapiga marufuku ziara ambazo bangili haikuziita: upoteze muda wa nini kwa mtu mzima wa afya? Nkwimba hakubisha. Nani angebisha, na makaburi yanapungua?

Jumamosi moja akavunja amri. Mahakama ilikuwa imekubali Malimi arudishiwe binti yake Holo, aliyelelewa na bibi yake tangu baba alipokutwa sakafuni amezidisha unga, roho iko mlangoni. Habari kama hiyo Nkwimba alitaka kuipeleka kwa mdomo wake. Alinunua sato wa kukaanga akaenda, anatabasamu njia nzima peke yake.

Nje ya mlango alimsikia Malimi akiimba huku akipigilia misumari kitanda cha mtoto.

"Hodi," akaita.

Wimbo ukakatika. Bangili ikatetemeka.

Malimi alifungua na nyundo mkononi, uso umelowa jasho. "Umeona nini tena, dada?"

"Sijaona kitu. Nimekuletea habari njema. Holo anarudi kesho asubuhi."

Malimi akafungua kinywa afurahi, meno yakagongana. Akajiachia sakafuni, mgongo ukutani.

"Dada Nkwimba, nikuambie kitu, usikasirike."

"Sema."

"Nilikuwa mzima. Haki ya Mungu, hata nilishasahau kama kuna unga duniani. Nimesikia sauti yako tu, mate yakanijaa."

"Utakuwa umechoka."

"Sijachoka. Hebu niambie, tangu waniwekee hiki kidude, umeshawahi kuja kwangu nikiwa na furaha?"

Nkwimba akaitazama bangili.

"Mwili haujui kama unakuja kuniokoa," Malimi alisema taratibu, kama anayemwelewesha mgonjwa. "Unajua kitu kimoja tu, kwamba ukija wewe, arosto, ile hamu ya unga, ipo. Basi siku hizi ukikusikia, wenyewe unaileta. Na si mimi peke yangu. Wenzangu wakikuona sokoni wanakata kona. Wanakuita mzuka."

Nkwimba akaifunika bangili kwa kiganja. Alikumbuka jinsi bangili ilivyotetemeka kila alipokatiza soko la Kirumba, naye akidhani pale ni mahali pabaya tu, akijipongeza kwamba amefika mapema. Kumbe ubaya alikuwa anakwenda nao mwenyewe.

"Basi nitakuja na siku nzuri," akasema. "Nitakuja kila siku, tutakula, tutapiga soga, mpaka mwili usahau."

"Unaweza kusahau. Na kabla haujasahau, nikizidiwa mtoto akiwa humu ndani, itakuwaje?"

Wote wawili wakakitazama kile kitanda. Kilikuwa kimebakiza mguu mmoja kupigiliwa.

"Unataka nisije tena," alisema Nkwimba.

Malimi akaanza kulia. "Wewe ndiye uliyenifufua. Sina ninayemheshimu kama wewe. Usije tena, dada."

Nkwimba akaweka samaki mezani, akatoka. Alishuka mlima kwa miguu, bangili ikitetemeka kwa nguvu, kisha kidogo kidogo, na kadiri alivyoiacha nyumba nyuma ndivyo ilivyotulia. Alipofika barabarani ilikuwa kimya kabisa. Akakaa juu ya jiwe, akalia kwa uchungu.

Aliieleza idara mambo yote, akarudisha bangili. Wagonjwa wake wakapewa maofisa wapya, nao wakaagizwa waende pia siku za ugali na siku za harusi. Yeye akapewa meza ofisini.

Masika yalipokwisha aliwaona kwenye kituo cha vigari vya abiria vinavyoning'inia kwenye waya. Malimi alikuwa amenenepa, amembeba Holo mabegani, wanacheka. Kisha akamwona Nkwimba. Kicheko kikamtoka usoni, akameza mate, akaishika vizuri miguu ya mtoto na kugeuka.

"Baba, yule mama anatuangalia. Ni nani?"

"Simjui, mama. Twende."

Holo akageuza shingo, akampungia mkono. Nkwimba alitamani kumpungia kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Akaugeukia ukuta, akasimama hivyo mpaka sauti ya mtoto ikapotea.