Na-gyeong na Sindano ya Siku ya Ugonjwa

Kila asubuhi Na-gyeong alipima sukari, akajidunga insulini tumboni, kisha akala wali na supu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kisukari alishakizoea.

Jumamosi moja aliamka akitapika. Bibi yake, Mal-sun, aliporudi kutoka sala ya alfajiri kanisani, alimkuta amejikunyata.

"Umevimbiwa, mjukuu wangu. Jana ulizibugia zile keki za mchele kama unakimbizwa!"

Akamsugua mkono, akamfunga uzi kwenye kidole gumba, kisha akapitisha sindano ya kushonea kwenye moto. "Nikutoboe damu mbaya itoke. Na leo huli kitu, tumbo lipumzike."

"Basi na insulini naiacha," alisema Na-gyeong. "Kama sili, ya nini?"

Bibi aliona ni kweli.

Mdogo wa Na-gyeong, Cheol-u, alicheka mlangoni. "Unajidunga kila siku, halafu unaogopa sindano ya Bibi!"

"Nyamaza wewe! Yangu nyembamba. Huu ni msumari!"

Bibi akatoboa. Tone jeusi likachomoza. "Umeona? Hiyo ndiyo iliyokuwa inakusumbua."

Tangu alipoamka, Na-gyeong alikuwa akinywa maji bila kukata kiu. Akalitazama lile tone.

"Bibi, usilifute!"

Akachomeka kijiti kwenye mashine yake ya kupimia sukari, akakigusisha na damu. Hakuwa amekula kitu, lakini sukari ilikuwa juu kuliko siku yoyote aliyoikumbuka.

Bibi akapiga simu hospitali.

"Asiache insulini, Mama!" alisema muuguzi. "Mtu akiugua huweza kuihitaji zaidi. Akiikosa, mwili unachoma mafuta, damu inajaa asidi, na mtoto anaweza kupoteza maisha. Ajidunge kipimo nitakachowaambia, anywe maji kidogo kidogo, na mje sasa hivi."

Na-gyeong alijidunga, wakaenda. Daktari alimtundikia maji, akasema wamewahi. Jioni Na-gyeong alikuwa kitandani anakunywa uji, na Bibi alikuwa amemaliza kumshukuru Mungu.

"Nilidhani insulini ni ya chakula tu," alisema Bibi. "Kumbe mwili wako unaitaka hata usipokula. Ukiugua, pima, usiache insulini, na tuwaulize hospitali mapema. Umesikia?"

"Nimesikia. Na sindano yako je, Bibi?"

"Yangu?" Bibi akacheka. "Itarudi kwenye vifungo vya Cheol-u."