Mhalifu Yumo Humu Ndani

Kaka yangu ni fundi wa vitasa, na kazi yake anaijua, hilo simnyimi. Lakini mpe mchana mmoja usio na wateja, utamkuta dukani amekunja nne, kitabu cha upelelezi kimemziba uso, na mteja anagonga kaunta mpaka anachoka. Mtaani wanamwita Mpelelezi. Yeye anadhani ni sifa.

Mimi ni mwalimu wa fasihi, na vitabu vile navidharau kwa moyo wangu wote. Ni mfululizo mmoja usioisha, ukisoma kimoja umevisoma vyote. Mpelelezi wa kujitegemea yuko ofisini, hana kazi, anavuta sigara. Mwanamke mrembo anaingia analia. Ukigeuza kurasa chache, mpelelezi amepigwa nyundo ya kisogo. Ukigeuza nyingine ameamka, amekung'uta koti, anaendelea na safari. Mimi nikijigonga kwenye kabati nalala siku nzima. Na mwishoni, lazima, awakusanye watu wote katika chumba kimoja, afunge mlango, atembeetembee, kisha amnyooshee mtu kidole. Siku zote ni yule daktari mpole.

"Hivi unapata nini humo?" nilimuuliza siku moja.

"Mwishoni kila kitu kinaeleweka," alisema. "Vitabu vyako wewe mtu anakufa, na hatuambiwi kwa nini."

Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi.

Mama yetu alikufa kwa uzee, kitandani kwake, wifi yangu akiwa amemshika mkono. Wifi ndiye aliyemuuguza: kumgeuza, kumwogesha, kumbeba na kumkalisha kwenye kiti chake cha dirishani, maana miezi ya mwisho Mama alikuwa amekwisha kabisa, mwepesi kama mtoto. Baada ya mazishi kaka alikifunga chumba kile kwa kitasa alichokitengeneza mwenyewe. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, akauvaa shingoni. Alituambia hajazaliwa wa kukifungua.

Wiki iliyofuata alikifungua ili kipate hewa. Kitanda kilikuwa kimelaliwa.

Wifi akakitandika. Kesho yake kimelaliwa tena, na mtandio wa Mama uliokuwa msumarini uko juu ya kiti, umekunjwa vizuri. Mtu mwenye akili zake angehama. Kaka yangu alifurahi. Alibandika unywele kwa mate kati ya mlango na fremu yake, kama alivyosoma kwenye kitabu cha tisa. Asubuhi unywele ulikuwa palepale, na kitanda kimelaliwa. Alinyunyiza poda kwenye kitasa kutafuta alama za vidole, akapata za kwake mwenyewe.

"Chumba kilichofungwa!" aliniambia kwa raha, kama mtu aliyeposwa. "Kila mpelelezi huiota kesi hii."

Kesi inataka mhalifu, naye alikwishampata wake. Nani analala karibu na ufunguo? Mkewe. Nani anakijua chumba kile kona kwa kona? Mkewe. Alisema mkewe amechonga ufunguo wa pili yeye mwenyewe akiwa bafuni, na nia yake ni kumtia wazimu.

"Jumamosi namtaja mbele ya watu," alisema. "Akitoka mle chumbani, anatoka na begi lake."

"Kaka, huyu ndiye aliyemfumba Mama macho."

"Huwa ndio hao hao," alinijibu, na nikajua hata jibu lile kalitoa kitabuni.

Nilimwona mpumbavu, na mpaka leo namwona hivyo. Mwanamke aliyekaa naye miaka kumi na mitano anafukuzwa kwa sababu ya hadithi za kusomea safarini! Jumamosi nilikwenda kwa nia moja tu, kumtetea wifi, na nikishindwa, nimbebee begi hadi kwangu.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua linawaka. Kaka alikuwa amevaa koti. Koti refu! Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, naye hakulivua. Mbele yake, chumbani kwa Mama, tulikuwa watatu: mimi, wifi, na mpangaji wetu fundi saa, mzee asiyesikia hata kengele ya mlango. Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Sisi tulisimama. Kiti cha Mama hakuna aliyekigusa.

Kaka akafunga mlango, akarudisha ufunguo shingoni, akaanza kutembeatembea.

"Anasemaje?" fundi saa aliniuliza.

"Upuuzi," nikamjibu.

"Mhalifu," kaka alisema, "yumo humu ndani."

Kiti kikalia.

Kidogo tu, kama mbao inayopokea uzito. Fundi saa akageuka. Yeye, asiyesikia kengele.

Mto wa kiti ulikuwa unabonyea. Polepole. Katikati kwanza, kisha pembeni. Ulibonyea mpaka ukafika kwenye mbao.

Kaka hakuona. Alikuwa amefika kwenye raha yake, kwenye kidole. Akamnyooshea mkewe.

"Ni we..."

Hakumaliza. Kidole kilianza kugeuka. Alikishika kwa mkono wa pili. Akakivuta. Viatu vikateleza sakafuni. Kidole kikampita wifi. Kikanipita mimi. Kikasimama kwenye kiti.

"Mama," nilinong'ona. Niliogopa, lakini pia nilifurahi. Nilidhani Mama amekuja kumtetea mkwewe.

Wifi alikuwa anautazama ule mto bila kupepesa.

"Mama nilikuwa nambeba mimi," alinong'ona. "Hakuwa mzito hivyo."

Ni yeye aliyeinuka, akamvua mumewe ufunguo, akatufungulia. Kaka alitoka kinyumenyume, kwa sababu kidole hakikukubali kugeuka naye.

Walihama siku ileile. Kidole hakikukunjika tena. Hospitali walimpiga picha wakaona mfupa mzima, mishipa mizima. Hakuweza kushika tupa wala bisibisi, duka likafungwa. Wifi ndiye aliyemfunga vifungo vya shati, mwanamume aliyekuwa amemwandalia begi. Mimi ningemwacha. Yeye alisema tu, "Wifi, nitamwacha na nani?" Na popote alipokaa, hata umgeuze vipi, kidole kilielekea upande ilipo nyumba ile. Nilikuwa namtania kwamba angalau hawezi kupotea njia.

Jumapili iliyopita walikuja kwangu kunywa chai. Nilikuwa nasahihisha insha za wanafunzi. Kidole kilielekea dirishani, upande wa nyumba ile, kama kawaida yake.

Wifi akaacha kumimina.

Kidole kilikuwa kinasogea. Kikaacha dirisha. Kikapita kabati. Kikafika mlangoni, kikakaa hapo kidogo. Kisha kikaingia ndani, taratibu, kama kinamfuata mtu. Kikasimama kwenye kiti kilicho karibu na changu.

"Mdogo wangu," kaka alinong'ona, "usigeuke."

Kiti kikalia.

Na kidole kikakunjika. Chenyewe, kama kidole cha mtu yeyote. Kaka alikitazama, akakifungua, akakikunja tena. Akashika kikombe kwa mkono ule, akalia kwa furaha, na wifi naye akalia. Hawakukaa sana baada ya hapo. Waliniaga bila kunitazama usoni.

Mlangoni nilimwomba kaka kitabu kimoja. Hakosi kimoja mfukoni. Alinipa bila kunicheka. Laiti angenicheka.

Nimekisoma chote. Muuaji ni daktari, nilimjua tangu mwanzo. Zile kurasa za mwisho nimezirudia mara nyingi, pale wanapokusanywa wote na kila kitu kinaelezwa, mpaka naweza kuzisema kwa moyo. Mto wa kile kiti nimeuanika juani, nimeukung'uta kwa mikono miwili, na bado umebonyea katikati. Asubuhi hii nimeukuta mtandio wangu juu yake, ule niliouacha msumarini, umekunjwa vizuri.