Mkasi Uliofungiwa Kabatini

Asubuhi katika karakana ya Mama Sindano ilianza kwa kungoja. Mafundi walifika mapema, wakawasha redio, wakakaa. Mkasi mzuri ulikuwa kabatini. Pasi nayo ilikuwa kabatini. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Mama Sindano, na Mama Sindano alikuwa sokoni akitafuta vitambaa.

"Sasa nikate kwa meno?" aliuliza Mrefu, fundi wa kukata.

"Meno yenyewe mawili yameshakuaga," akajibu wifi wa Mama Sindano kutoka kwenye cherehani. "Chukua ule butu."

Mrefu akachukua mkasi butu, akakata kwa kukisia. Kitambaa kikatoka kama kimetafunwa na panya.

Mchana mashati ya shule waliyoyashona wiki iliyopita yakarudishwa, furushi zima. Mikono hailingani. Kola zimepinda. Mwalimu mkuu alitaka yashonwe upya, na yakiharibika tena, kazi itakwenda kwa fundi mwingine.

Mama Sindano aliporudi akawaka moto. "Wavivu nyie! Kazi hii ikiondoka, nafunga. Na wewe wifi, utakwenda kuhesabu nzi nyumbani!"

Wifi akainama. Watoto wake hawakuwa na wa kumtegemea ila yeye.

Bi Zamu, jirani yao, alikuwa amesimama mlangoni. Yeye na Mama Sindano walishona pamoja kiwandani ujanani, kisha Bi Zamu akawa msimamizi wa zamu mpaka alipostaafu. Aliingia, akayalaza mashati mezani, moja juu ya jingine. Hakuna mkono uliolingana na mwenzake.

"Mwanangu, umekata kwa kipimo gani?"

"Kwa jicho, bibi," Mrefu akasema.

"Na mkasi mzuri?"

Mrefu akatazama kiuno cha tajiri wake.

"Wataniibia!" akasema Mama Sindano.

"Mwenzangu, unamkumbuka yule tajiri wetu? Alifungia mikasi. Jioni akatupekua langoni, hadi kwenye nywele. Shati likipinda, sisi ndio wavivu. Na aliyemlaani kuliko wote ni wewe."

Mkono wa Mama Sindano ukaenda kwenye nywele zake. Aliyewahi kupekuliwa hasahau vile vidole.

"Uvivu haupindi kola," Bi Zamu akaendelea. "Umempa mtu ungo, halafu unamlaumu kwamba hateki maji."

"Basi nifanyeje?"

"Kata kipimo cha karatasi ngumu kwa kila saizi, kila mtu akifuate. Kifaa kikae karibu na anayekitumia. Cherehani itiwe mafuta kabla haijaanza kulia. Kola ikaguliwe kwanza, ndipo mikono ishonwe. Na waulize mafundi kinachowachelewesha. Wanakijua."

"Vifaa ni fedha. Akiba yangu ni ya kibao cha taa cha kutangaza karakana pale mlangoni."

"Vizuri. Watu waone vizuri njia ya kuja kutazama kola zilizopinda!"

Hata Mama Sindano alicheka, ingawa kijembe kile kilimchoma.

Akiba ile ikanunua mikasi mipya na pasi ya pili. Mlango wa kabati ukang'olewa, ukawa meza ya kukatia. Wifi akaomba pasi iwekwe karibu naye, maana alikuwa akikatiza chumba kizima kwa kila kola. Ikawekwa. Hakuna kilichoibwa. Mashati yakaisha kabla ya siku ya ahadi, na mikono ililingana, shati kwa shati.

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe. Alizigeuzageuza kola, akatabasamu, akaagiza na sketi za wasichana. Kisha akamnyooshea Mama Sindano mkono. "Ahsante sana, fundi."

Mama Sindano alirudi nyuma hatua moja. Miaka yote ya kiwandani, hakuna aliyewahi kuwapa mkono wao walioshona.

"Mafundi ni hawa, mwalimu. Anza na wifi yangu. Nami nawashukuru, maana sikuwahi kuwaambia."

Wifi akajifuta haraka kwenye gauni. "Mikono yangu ina mafuta ya cherehani, mwalimu."

"Lete hivyo hivyo," akasema mwalimu mkuu, akaishika kwa mikono yake yote miwili.